Nikikoroma, Mama Watoto Analala

Nyumbani kwangu Nkuhungu nina kesi mbili, na hazipatani. Ya kwanza, nakoroma. Ya pili, naacha kukoroma. Ile ya kwanza iliamuliwa zamani tukiwa bado Dar es Salaam, nikatumikia kifungo changu kwenye kochi la sebuleni bila kukata rufaa. Ya pili imefunguliwa baada ya kustaafu, na mlalamikaji ni yule yule, mama watoto. Anasema nikikoroma yeye analala fofofo, kama mtu aliyezaliwa jirani na mashine ya kusaga. Nikinyamaza ndipo anapofumbua macho na kuanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Akifika ishirini napigwa kiwiko cha mbavu.

"Kwa nini ishirini?" nilimuuliza.

"Kwa sababu nikisubiri mpaka hamsini nitakuwa mjane."

Mimi si mtu wa kukiri makosa niliyoyafanya nikiwa nimelala. Nimekaa masjala ya wizara miaka thelathini na moja, na huko tulifundishwa jambo moja: kisichoandikwa hakipo. Nikadai ushahidi. Kumbe nimejichimbia shimo. Usimdai ushahidi mwanamke mwenye simu janja na mjukuu wa darasa la tano. Asubuhi, uji wa uwele ukiwa bado unafuka mezani, mjukuu akabonyeza, nikasikia sauti yangu.

Inaanzia mbali, laini, kama mtu anayeburuta gunia la alizeti kwenye changarawe. Inapanda. Gunia linakuwa mkokoteni, mkokoteni unakuwa lori la mchanga lililokwama. Halafu inaanza kushuka, pole pole, lori linarudi kuwa mkokoteni, mkokoteni unarudi kuwa gunia, gunia linakuwa mfuko wa rambo, kisha hakuna kitu. Kimya. Unasikia upepo ukichezea bati. Unasikia mbwa wa jirani. Unasikia mama watoto akinong'ona, kumi na nane, kumi na tisa. Halafu hhhaaa! kama mtu aliyevutwa kutoka kisimani kwa kamba. Na gunia linaanza tena kuburutwa.

Mjukuu alicheka mpaka uji ukamtokea puani. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Maelezo yalikuja mengi, na yote ya bure. Mama mkwe, ambaye simbishii hata akisema jua linachomoza Singida, alisema ni jinamizi, linanikalia kifuani, na akataja ndugu zangu watatu anaowashuku. Wa kanisani walisema tufanye mkesha. Tukafanya mkesha. Nikakoroma kuanzia saa saba mpaka sala ya kufungia, na wale waliokuja kuniombea wakapata tabu ya kusikiana. Jirani yangu, Mgogo wa hapa hapa, kila asubuhi ananipigia "Mbukwenyi" juu ya ua, kisha anaongeza kwamba mwanzoni alidhani nimeajiri mtoto anayejifunza zeze. Mimi mwenyewe nilisema ni vumbi. Mtu wa kuhamia Dodoma hana kosa ambalo hawezi kulisingizia vumbi.

Ila vumbi halivimbishi miguu. Viatu vyangu vya ofisini, vile vile nilivyoagwa navyo, viligoma kuingia. Usiku nilikuwa nalalia mto mmoja, ikawa miwili, ikawa mitatu, mwisho nikawa nalala kama abiria aliyekosa basi. Ngazi nne za baraza nazipanda kwa mapumziko. Mama watoto akaniambia mficha maradhi kifo kitamuumbua. Nikamwambia sifichi, nasubiri yajitokeze vizuri. Siku ya pili nilikuwa kwenye benchi la hospitali.

Daktari alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu. "Shikamoo mzee wangu," huku kidole gumba kimeshanizama kwenye muundi. Alipokitoa, shimo likabaki. Likakaa pale limetulia, mviringo kamili, kama muhuri wa IMEPOKELEWA. Nimegonga mihuri maisha yangu yote, sikuwahi kufikiri siku moja nitagongwa mimi. Akanipeleka kwenye kipimo cha eko, nikalazwa ubavu wa kushoto, nikapakwa uji wa baridi kifuani, na kwenye kioo nikauona moyo wangu ukijikunja bila haraka, kama mtumishi wa saa tisa alasiri.

"Moyo unasukuma asilimia thelathini na mbili," akasema.

Sisi watu wa zamani tunajua thelathini na mbili ni nini. Ni kurudia darasa. Akanituliza kwamba katika mtihani huu hakuna anayepata mia. Moyo mzima hutoa hamsini na tano, sitini, hivi, kwa kila pigo, nyingine hubaki ndani. Lakini hata kwa kulegeza maksi hivyo bado nilikuwa nimefeli. Na jina la ugonjwa ndilo hilo: moyo kushindwa kufanya kazi. Kiswahili cha hospitali hakina adabu. Mtu umelipa karo za watoto watano, umejenga kwa mkopo, umehamishwa mkoa ukiwa na miaka hamsini na mitatu, halafu mtu anakwambia usoni kwamba umeshindwa.

Niliyoipa lawama ni presha, ambayo niliijua miaka kumi na dawa zake nikazimeza siku za kliniki tu, ili nisimdanganye nesi. Daktari akasema niko na wenzangu wengi. Utafiti wa Profesa Abel Makubi na wenzake pale Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuata wagonjwa 427 wa moyo kushindwa, na karibu nusu yao, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Ulaya wanaolazwa kwa ugonjwa huu wengi wameshapita sabini. Kwa hiyo hata katika kuugua moyo tunawahi kazini kuliko Wazungu. Ajabu, maana kwingine kote tunachelewa.

Nikaandikiwa vidonge, na kile cha mkojo kikiwa mwenyekiti wa kikao. Chumvi ikapigwa marufuku. Maji nikapimiwa: lita moja na nusu kwa siku, pamoja na chai, pamoja na mchuzi. Nikamweleza daktari kwamba ninapoishi maji ya bomba yana mgao, sasa na mimi nimewekewa mgao ndani ya mgao, na zaidi ya hapo maji yenyewe ya Dodoma yana chumvi, je, hiyo inahesabiwa? Akacheka. Hakujibu.

Habari ya kukoroma sikumwambia. Niliona aibu, mtu huendi kwa daktari wa moyo na mashtaka ya chumbani. Ilibidi treni iseme.

Nilikuwa nimekwenda Dar kwa kipimo kingine, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, nikarudi na treni ya umeme, hii tuliyoanza kuipanda mwaka 2024. Saa tatu na ushee hivi Dar hadi Dodoma. Mimi niliyezoea kulala njiani kwenye basi naona kama nadhulumiwa. Nimekaa dirishani, mkabala na mama mmoja na mtoto wake wa miaka mitano, sita. Morogoro naikumbuka. Kilosa na yale mahandaki nayakumbuka nusu. Baada ya hapo sina kumbukumbu mpaka niliposikia sauti ndogo ikisema, wazi kabisa, kama mtoto anayesoma somo kanisani:

"Mama, babu amekufa."

Nilifumbua macho kwa kishindo, hhhaaa! na yule mama akapiga ukelele, na chupa ya maji aliyokuwa ameishika ikamwagika yote mapajani mwangu. Watu wamesimama. Mhudumu wa behewa anakuja mbio. Mwanaume mmoja wa siti ya nyuma alikuwa ameshavua kofia. Nikawaeleza kwamba niko hai, lakini nikaona baadhi yao hawajaridhika. Yule mtoto ndiye aliyenitazama kwa masikitiko zaidi, kama mtu aliyetoa taarifa sahihi ikabatilishwa na wakubwa. Kutoka Gulwe hadi Dodoma nilikaa macho, suruali imelowa, nikijifanya natazama mibuyu.

Nikamwambia daktari. Sasa ndipo alipokasirika. Kumbe hilo alipaswa kuliuliza yeye na mimi nilipaswa kulisema, kwa sababu wagonjwa wa moyo kushindwa, nusu yao hivi, hupumua vibaya usingizini. Akanipima shingo kwa futi ya fundi cherehani: sentimita arobaini na tatu. Akaniuliza kuhusu mvinyo. Nikasema mimi ni mkazi wa Dodoma, nawaunga mkono wakulima wa zabibu wa Hombolo. Akasema niwaunge mkono kwa kula zabibu, maana pombe ya jioni inalegeza koo.

Halafu akanipa maswali manane, yaliyotungwa na daktari mmoja wa Melbourne, Murray Johns, mwaka 1991, ya kupima usingizi wa mchana. Je, unasinzia ukisoma? Ukitazama televisheni? Ukikaa tu bila kufanya kitu mahali pa watu, kama mkutanoni? Nikamwambia, daktari, mimi nilikuwa mtumishi wa umma, kuna mikutano ambayo asiyesinzia ndiye wa kupelekwa Mirembe. Je, unasinzia garini ukiwa kwenye foleni? Dodoma foleni ipi? Nikapata alama tano kati ya ishirini na nne, nikajiona nimefaulu angalau huu. Akasema ndiyo mtego wenyewe: wenye moyo dhaifu wengi hawasikii usingizi mchana hata kama usiku wanakata pumzi mara mia mbili. Yaani hata kufaulu kwangu ni dalili.

Nikalala usiku mmoja nimefungwa mkanda kifuani, mrija puani, na kitu chenye taa nyekundu kidoleni. Mama watoto alisema naonekana kama redio inayotengenezwa. Majibu: mara thelathini na nane kwa saa. Wanahesabu kila pumzi iliyokata kwa sekunde kumi au zaidi, na zile zinazofifia sana. Ikivuka thelathini kwa saa, ni kali. Na kukata kwenyewe ni kwa namna mbili. Kuna koo kuziba: kifua kinavuta, tumbo linavuta, njia imefungwa. Na kuna ile ya pili ambayo njia iko wazi kabisa, ila hakuna anayevuta. Ubongo haujatoa amri. Mimi, kwa bahati yangu, ninazo zote mbili.

Hii ya pili ilinikera. Koo kuziba nalielewa, ni nyama tu. Lakini ubongo kusahau kupumua? Kitu cha lazima namna hiyo? Daktari akanieleza kwa subira, na katikati ya maelezo yake nikamkatiza, kwa sababu nilikuwa naijua hadithi hiyo kuliko yeye.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973. Wakubwa walianza kuhama kweli kweli mwaka 2016. Katikati hapo, miaka zaidi ya arobaini, kulikuwa na sisi watu wa masjala. Tulikuwa na kiofisi hapa Dodoma na wizara yenyewe iko Dar. Kiofisi kinaandika: karatasi zimekwisha, tuleteeni. Tarishi anapeleka barua stendi, inapanda basi, inafika, inapigwa muhuri, inalala kwenye trei. Inasomwa wiki ya tatu. Kule wanashtuka: jamani, wenzetu hawana karatasi! Wanatuma boksi arobaini. Sisi wakati huo tumeshanunua zetu dukani. Tunaandika: acheni, tumejaa. Barua hiyo nayo inachukua wiki tatu, na kabla haijasomwa boksi nyingine arobaini zimo njiani. Ikisomwa, wanaacha. Wanaacha kabisa. Tunamaliza zote, tunabaki hatuna hata karatasi ya kufungia karanga, na kule bado wanatii barua ya mwezi uliopita inayosema tumejaa.

Daktari alikaa kimya kidogo. "Mzee wangu," akasema, "hiyo ndiyo yenyewe."

Tarishi ni damu. Ndiyo inayobeba taarifa ya hewa ya ukaa kutoka mapafuni kwenda kwa ubongo. Moyo ukiwa mzima, barua inafika ndani ya sekunde chache. Moyo wa asilimia thelathini na mbili unamchelewesha tarishi, na ubongo, ambao kwa wagonjwa kama sisi ni mwepesi wa kuhamaki, unajibu kwa pupa barua ya zamani. Unaamuru pumzi nyingi kupita kiasi, hewa ya ukaa inashuka mno, taarifa inachelewa kufika, ikifika ubongo unasema basi, tumejaa, na kila kitu kinasimama. Gunia, mkokoteni, lori, mkokoteni, gunia, kimya.

Hata jina lina wenyewe. John Cheyne, daktari wa Dublin, aliandika mwaka 1818 habari za mzee wa miaka sitini ambaye pumzi yake ilikuwa ikikata kwa robo dakika hivi, ikarudi kidogo kidogo, ikapanda, ikashuka tena. Mwaka 1854 mwenzake wa mji ule ule, William Stokes, akaongezea. Wakagawana jina. Nimefurahi kujua kwamba kukoroma kwangu kuna majina ya madaktari wawili wa Dublin, ingawa nimemwambia daktari kwamba mke wa yule mzee ndiye aliyestahili. Cheyne hakulala kitanda kimoja naye akihesabu.

Na yale maji ya miguuni? Hayo ndiyo yaliyonimaliza. Mchana yanakaa chini, kwenye viatu. Ukilala, mwili unakuwa tambarare kama mbuga ya Bahi, nayo yanaanza safari. Yanapita mapajani, yanapita kiunoni, mengine yanakuja kukaa shingoni na kulibana koo. Mengine yanaingia mapafuni na kuuchokoza ubongo uhamaki zaidi. Mzigo uleule, mchana unanibana viatu, usiku unanikaba. Mama mkwe alipoelezwa alisema, "Si nilisema kuna kitu kinamkaba?" Na kweli alisema.

Sasa nije kwenye mashine, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika kwa hisani.

Mtoto wa mdogo wangu yuko Reading, Uingereza, anafanya kazi ya kulea wazee. Akasikia. "Baba mkubwa usijali, nakutumia mashine." Ikaja ndani ya begi la mtu aliyekuja msibani Kondoa, imeviringishwa kwenye taulo: kisanduku cheusi, bomba kama la mashine ya kufulia, na barakoa ya mipira. Nikauliza ilikuwa ya nani. Ya mzee mmoja. Yuko wapi? Alifariki, baba mkubwa, lakini kwa mambo mengine.

Mjukuu alisoma kijitabu. Mashine hii, kinasema, ina akili: inasikiliza kila pumzi, ikiona unapunguza inakuongezea, ukiacha inakupumulia. Nikaivaa usiku huo huo. Mama watoto anasema nililala kama mtoto mchanga: hakuna gunia, hakuna lori, hakuna kimya. Pumzi zimenyooka kama mistari ya daftari. Yeye hakulala kabisa, alikuwa anasubiri kitu kitokee.

Kesho yake naibeba kwa daktari kifua mbele. Akaigeuza, akasoma kibandiko cha chini. Uso ukabadilika.

"Mzee, umeivaa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Usiivae ya pili."

Akanieleza, na tangu siku hiyo sijaamini kitu chochote kinachonyooka haraka. Watu walifikiri kama mimi: pumzi zikinyooshwa, moyo utapona. Mwaka 2015 zikatoka habari za utafiti mkubwa wa mashine za aina hiyo hiyo. Wagonjwa 1,325, wote mioyo yao dhaifu kama wangu, wote wenye ile namna ya pili kwa wingi. Mashine ilifanya kazi yake bila dosari: kukata pumzi kulitoka mara thelathini na moja kwa saa kukashuka chini ya saba. Ripoti safi. Lakini waliovaa walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya wasiovaa: asilimia kumi kwa mwaka, wenzao saba na nusu. Walikufa wakipumua vizuri sana. Baadaye Wakanada wakajaribu na mashine ya muundo mwingine. Hawakuona madhara, lakini hawakuona watu wakiishi zaidi pia. Kwa hiyo kwa moyo wa asilimia arobaini na tano kwenda chini wenye namna ile ya pili, mashine kama ile niliyoletewa haivaliwi.

Kwa nini iliua? Wanabishana bado. Wapo wanaosema ni upepo wa mashine kuulemea moyo uliochoka. Wapo wanaosema kule kupanda na kushuka huenda ni njia ya moyo kujipumzisha, na sisi tukaja na akili zetu tukaunyima likizo. Mimi nililipenda hili la pili. Miaka thelathini na moja nimeona wakaguzi wakija kunyoosha ofisi mpaka kila jalada limekaa kwa namba, na kazi ikafa.

"Sasa tunatibu nini?" nikauliza.

"Moyo. Tumtibu tarishi kwanza."

Akapanga dawa upya, akapandisha hiki, akaongeza kile, pamoja na kidonge kimoja kilichoanza kama dawa ya sukari kikagunduliwa kinasaidia moyo. Nikanyanyua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili ya Dodoma, ya kuchoma. Nikalala ubavu, mama watoto alinishonea mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana, nikigeukia chali unanichoma, usiku naonekana kama mbebaji wa siri. Kilo sita zikaondoka, nyingi zikiwa maji. Mlenda bila chumvi nimeuzoea kama mtu anavyozoea jela.

Baada ya miezi mitano nikafungwa mkanda tena. Kutoka thelathini na nane hadi ishirini na moja, bila mashine yoyote. Moyo asilimia thelathini na nane. Bado ni kurudia darasa, lakini mwalimu ameanza kunijua. Na hizo ishirini na moja, nyingi ni koo kuziba. Ile ya masjala imepungua.

Kwa koo, kuna mashine nyingine, sipapu (CPAP). Hii haina akili, na ndiyo sifa yake. Inapuliza hewa kwa nguvu ile ile moja usiku kucha ili koo lisijifunge, basi. Aliyeibuni ni Colin Sullivan wa Sydney, akaitangaza mwaka 1981, na za mwanzo alizitengeneza kwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Jambo hilo lilinigusa. Mtu akitaka kuleta mota ya kufyonza vumbi Dodoma, tuna kazi nayo nyingine kabla ya pua zangu. Nayo daktari hakuniahidi miujiza: wale wenye moyo dhaifu na namna ya pili walijaribiwa nayo Canada, watu 258, matokeo mwaka 2005, haikuwaongezea maisha. Mimi napewa kwa ajili ya koo, nilale, na mwenzangu alale.

Bei yake sitaji, nisije nikapandisha presha ya msomaji. Pale mnada wa Msalato ningerudi na ng'ombe kadhaa. Bima yangu ilijibu kwa barua fupi sana, iliyonikumbusha barua nilizokuwa nachapa mimi. Nimekodi. Na umeme ukikatika usiku, napewa taarifa na pua: hewa inakoma, barakoa inanibana, naamka najiona samaki. Fundi akanifungia betri ya sola, sasa taa za nyumba nzima zinazimika lakini mimi napulizwa. Kikopo cha unyevunyevu nacho kinataka maji yasiyo na chumvi hata chembe, maana ya bomba letu yanaacha ukoko mweupe. Nikaenda kununua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta. Daktari aliposikia aliziba uso kwa mikono. Sasa nanunua dukani anakonielekeza yeye. Nimeishia kuwa mtu ambaye mashine yake inakunywa maji bora kuliko yeye, na haina mgao.

Mwezi wa saba huu, upepo wa Dodoma umefika na hasira zake. Jioni mtoto wa mdogo wangu alipiga kutoka Reading, simu ikiwa kwenye spika, kuuliza hali.

"Baba mkubwa, ile mashine inasaidia?"

Nikamtazama mama watoto. Mama watoto akatazama dirishani. Kisanduku cheusi kipo pale kwenye kizingiti, juu ya ncha ya pazia, pazia limetulia na upepo unavuma, na bomba lake limefunga komeo lililoharibika tangu mwaka juzi.

"Inasaidia sana, mwanangu," mama watoto akasema. "Bila hiyo tungelala na vumbi."